Gari la Baba Lilivyochemsha

Eda ya mama iliisha siku ya Jumatano, na kabla hajamaliza kuzikunja zile nguo nyeupe alizovaa miezi minne na siku kumi, akaniambia, "Haya. Sasa nipeleke nikalione kaburi la baba yako."

Nilijua atasema hivyo. Kwetu wanawake hawaendi kuzika. Baba alifia hapa Morogoro mjini, kwenye nyumba tuliyopanga Mafiga, akaoshwa nyumbani, akaswaliwa msikiti wa mtaani, halafu wanaume wakampakia kwenye gari la kukodi wakampandisha milimani kwa watu wa mama yake. Mluguru ndivyo anavyorudi. Hata aishi mjini miaka hamsini, akifa anarudi kwenye ukoo wa mama yake. Mama aliishia mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma yake nimemshika mabega, gari likakata kona, na ndiyo ikawa basi.

Mdogo wangu wa kiume alipiga picha ya kaburi akanitumia kwenye simu kutoka kulekule. Nikampelekea mama aione. Akageuza uso. "Mume wangu simzuru kwenye simu mimi," akasema. Sikumwonyesha tena.

Sasa shida ilikuwa siku. Kaka yake mama alikuwa anakuja Jumatatu kumchukua arudi kwao Kondoa, akaishi na dada yake. Hilo lilishapangwa, mizigo imeshafungwa. Masika nayo yalikuwa mlangoni, na ile njia ya kwa kina baba, mvua zikishashika kweli, inakatika mpaka Juni. Mama ana miaka sabini na mbili na goti bovu. Akishafika Kondoa, nani atamrudisha huku ampandishe mlima? Kwa hiyo tulikuwa na Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Asipoliona kaburi la mumewe katika siku hizo nne, basi hataliona.

Nikamwambia nitakodi gari. Akanitazama kama nimemtukana.

"Alitolewa humu ndani kwa gari la watu, nikanyamaza. Mimi nitakwenda kwa gari lake."

Mama yangu akishasema jambo kwa ile sauti ya chini, humtoi hapo hata kwa winchi. Nikaenda jikoni kuchukua funguo.

Niseme na langu kabla sijaendelea. Miezi ile yote minne sikulia. Si msibani, si baadaye, si usiku peke yangu. Watu walikuja, wakalia, wakanikumbatia, na mimi nikawa natazama mabegani kwao nahesabu vikombe vya chai vilivyobaki bila kuoshwa. Siku ya nane nilirudi kazini chuoni Mazimbu, nikakaa dirishani kwangu napokea fomu za wanafunzi, nagonga muhuri, napokea nyingine. Nilikuwa nimekufa ganzi. Ukikalia mguu vibaya unakufa ganzi, lakini ukiunyoosha inakuja ile michomo, unaruka-ruka, unacheka, unapona. Kwangu michomo haikuja. Jirani mmoja alisema kwa watu kwamba nina roho ngumu kama jiwe la kusagia. Niliambiwa, na wala sikuumia. Hilo ndilo lililonitisha kidogo, kwamba hata sikuumia.

Gari lilikuwa uani, chini ya kibanda cha bati. Dogo, jeupe, limezeeka, rangi ya juu ya paa imekwisha kwa jua. Baba alilinunua akiwa bado kiwandani, kabla ya kustaafu, na kila alfajiri akitoka kuswali alifungua boneti akatazama maji na oili, hata siku asizokwenda popote. Msibani wazee wakasema gari la marehemu lisiguswe mpaka eda iishe. Walilitoa wapi hilo, sijui, kwenye dini halimo. Ila mimi sikubishana. Sikuwa na hamu ya kukaa kwenye kile kiti, wakinipa sababu nikaichukua.

Jumatano hiyohiyo jioni nikapiga stata. Kimya. Betri imekufa. Jirani wa mbele akasogeza gari lake, tukaunganisha nyaya, la baba likakohoa, likatetemeka, likakubali. Na hapohapo ikatoka harufu. Jamani, harufu gani ile! Jirani akarudi nyuma hatua tatu, kajiziba pua kwa shati.

"Panya," akasema. "Kafia humo."

Tukafungua boneti, tukamtafuta panya kwa tochi ya simu, tukachungulia chini ya viti. Panya hamna. Nikaona tu doa la maji sakafuni chini ya rejeta, na kile kikopo cha maji ya akiba kikavu. Nikakijaza. Nikasema harufu itaisha likitembea, nikatoka nalo kulijaribu.

Mjini lilikwenda vizuri. Mshale wa joto ulikaa katikati umetulia. Nilipofika Bigwa barabara ilipoanza kuinuka, mshale nao ukaanza kuinuka, polepole kwanza, halafu bila aibu. Kufika kona ya pili mvuke ukatoka pembeni mwa boneti. Nikazima, nikashuka, nikakaa kwenye jiwe. Watu wa pikipiki walipita wakaniambia, "Dada, inachemsha hiyo!" Kana kwamba mimi nilidhani inapika wali.

Nililiacha likapoa, nikarudi nyumbani taratibu. Mama alikuwa kibarazani. Akauliza, "Linakwenda?" Nikasema linahitaji fundi kidogo. Akasema, "Jumapili ndiyo mwisho." Kana kwamba sijui.

Alhamisi nikaomba ruhusa kazini, nikalipeleka kwa fundi wa kwanza, karibu na nyumbani. Alikuwa anaongea na simu. Hakuikata. Alinisikiliza kwa sikio moja, akalitazama gari kwa mbali, akasema, "Gasketi."

"Umejuaje na hujafungua?"

"Gari za zamani hizi, dada, ugonjwa wao ndio huo. Tunashusha hedi, kichwa cha injini, inapelekwa kusagwa, tunafunga mpya. Wiki moja, unapanda nayo mpaka mbinguni."

Wiki moja sikuwa nayo. Nikamwambia atafute kitu kingine cha kufanya kabla ya hicho. Akafungua themostati, ile inayozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto, akaitoa akaitupa kwenye debe. "Nchi ya joto hii, themostati ya nini?" Nikaondoka. Likachemsha palepale, Bigwa, kona ileile. Nikakaa kwenye jiwe lilelile. Wala sikukasirika. Nilikaa tu natazama mawingu yanavyojikusanya juu ya Uluguru, nikawa nawaza kwamba mama atakwenda Kondoa bila kuliona, na kwamba hilo ni baya sana, na nikawa nalijua hivyo kichwani tu.

Ijumaa asubuhi jirani akanielekeza kwa fundi mwingine, upande wa pili wa mji, nyuma ya anayekaanga mihogo. Mtu mzima wa makamo, kitambi, ovaroli imefungwa kiunoni kwa mikono yake. Alikuwa anakula. Nikamsalimu, nikaanza kumweleza habari za gasketi, akaniinulia kidole chenye mafuta ya mihogo.

"Usinitajie ugonjwa. Nitajie linavyofanya. Linachemsha likiwa limesimama au likitembea?"

"Likipanda."

"Tambarare?"

"Limetulia."

"Maji yanapungua?"

"Kidogo. Linavuja mbele."

"Limekaa muda gani bila kuwashwa?"

"Miezi minne na siku kumi."

Hapo akaacha kutafuna, akanitazama. Kwa hesabu hiyo mtu yeyote huku anajua. "Pole," akasema. "Mzee?"

"Baba."

"Pole sana." Akafuta mikono kwenye ovaroli, akaamka.

Akachomoa kile kijiti cha oili, akakipangusa kwenye kitambaa, akanionyesha. "Maji yangekuwa yanaingia kwenye oili, hii ingekuwa kama chai ya maziwa. Umeona? Nyeusi tu, ya uzee. Gasketi yako nzima. Nani kasema gasketi?"

"Fundi mmoja."

"Fundi mmoja," akarudia, kama anayetaja jina la homa.

Akaniambia niliwashe liungurume. Tukasubiri. Akausikiliza mkanda, akaitazama feni mpaka ilipoanza kuzunguka yenyewe, akatikisa kichwa akaridhika. Halafu akazima, akaniita. "Njoo hapa mbele. Shika rejeta, hapa juu. Haraka, usiungue." Nikashika. Moto. "Sasa shika hapa chini." Nikashika. Baridi, kama haijawashwa kabisa. Akanisogeza kiganja kulia, kushoto, katikati. Baridi yote.

"Maji hayapiti," akasema. "Tambarare injini haina kazi kubwa, hayo machache yanayopita yanatosha. Ukipanda yanashindwa. Rejeta imeziba." Akavuta pumzi kwa pua. "Na hiyo harufu siyo panya, dada."

Tulingoja lipoe. Akafunika kifuniko cha rejeta kwa tambara, akakizungusha kidogo kidogo, akakitoa. Harufu ikatoka mpaka muuza mihogo akapiga kelele kule mbele. Fundi akachukua kipande cha waya, akakikunja ncha, akakitumbukiza, akakivuta. Kikatoka na vitu vyeupe vyenye umanjano, vimenyambuka, vinaning'inia.

Akavitazama. Akanitazama.

"Nani anaweka mayai humu?"

Nikajua. Nilijua kabla hajamaliza kuuliza. Zamani, mimi nikiwa darasa la tano au la sita, tulikuwa tunatoka harusini Dodoma, rejeta ikatoboka maeneo ya Gairo. Baba akaenda kwenye nyumba ya kwanza akaomba yai moja, akalipasua, akaacha kiini, ule ute akaumimina kwenye rejeta. Maji yakichemka ute unaiva, unakwenda kuziba tundu. Tukafika nyumbani salama. Hicho kilikuwa kisa cha nyumba yetu. Kila mgeni alisimuliwa, na mama ndiye aliyekisimulia vizuri kuliko baba mwenyewe, mpaka na sauti ya yule mwenye kuku aliyedhani baba ana njaa.

"Yai moja ni dawa ya njiani," fundi akasema. "Ukifika unalitoa, unaziba tundu kwa risasi ya kuyeyusha. Humu mna trei nzima."

Nikampigia mama. Alipokea upesi.

"Mama, uliweka yai kwenye gari la baba?"

"Lilikuwa linavuja," akasema.

"Uliweka mangapi?"

"Kila Ijumaa moja."

"Kila Ijumaa?"

"Nilikuwa naliona kwenye dirisha la jikoni. Maji yanadondoka chini na yeye hayupo wa kulitazama. Fundi nimwite vipi na mimi niko eda, na wazee wamesema lisiguswe? Nikasema, lisije likakauka. Baba yako ataniuliza."

Ndivyo alivyosema. Ataniuliza. Na mimi, Mungu anisamehe, badala ya kusikia hilo nikapandwa na hasira. Ilinitokea wapi sijui, miezi minne sikuwa na hasira wala njaa wala nini, halafu pale gereji mbele za watu nikampigia mama yangu kelele. "Umeliua gari, mama! Unajua? Umeliua mwenyewe, kwa mkono wako! Sasa utakwenda na nini kaburini? Jumapili utakwenda na nini?"

Akakata simu.

Nikakaa kwenye tairi. Fundi alikwenda akarudi na mihogo kwenye gazeti, akaniwekea mapajani, akaanza kuifungua rejeta.

Alifanya kazi Ijumaa ile yote, akapumzika tu kwenda kuswali, na Jumamosi tangu asubuhi. Aliing'oa rejeta, akaibandua vile vichwa vya juu na chini kwa moto, akapitisha waya bapa kwenye mirija mmoja mmoja, na kila mrija ukamtolea yai. Akaziba tundu. Akafungua mipira yote ya maji, akasukuma maji ya bomba kinyumenyume kwenye injini mpaka yakatoka yakiwa safi. Jumamosi alasiri nilipokwenda, alikuwa amelirudishia na amelipeleka Bigwa na kurudi.

"Limepona?" nikauliza.

"Limepata nafuu. Kuna mirija imegoma, na ndani ya injini sijui kimebaki nini, sikudanganyi. Tambarare huna shida. Ukipanda, washa hita yote, fungua vioo. Ile hita inavuta joto kutoka kwenye injini. Mshale ukipita hapa," akaweka ukucha kwenye kioo, "simama. Usibishane nao. Lipoe, ongeza maji, endelea. Mara ngapi, siwezi kukwambia."

Niliporudi nyumbani mama alikuwa anapiga pasi kanga. Hatukuwa tumesemeshana tangu ile simu, tulikuwa tunapeana chumvi kwa mkono. Nilitaka kumwomba radhi. Nilisimama pale mlangoni naitafuta hiyo radhi ilivyo, inavyoanza, nikaikosa.

"Linakwenda?" akauliza bila kuinua macho.

"Linakwenda."

"Saa ngapi?"

"Kumi na mbili asubuhi."

Akakunja kanga. Basi.

Jumapili tuliondoka kumepambazuka. Mama alikaa mbele, mkoba mapajani, na kwenye kiti cha nyuma niliweka madumu mawili ya maji. Kufika Bigwa nikawasha hita mpaka mwisho. Hewa ya moto ikatupiga miguuni, vioo viko wazi, na bado jasho lilitiririka kama tumo kwenye tanuri la mikate. Mama alifunua ushungi kidogo akajipepea na mkono. Hakulalamika hata mara moja. Alikuwa anautazama mshale.

"Unapanda," akasema.

"Naona, mama."

"Umefika kwenye ukucha."

Nilikuwa nimemweleza ule ukucha wa fundi, naye ameushika kama aya. Nikasimama. Tukangoja. Akina mama walioshuka na mizigo ya mboga vichwani, kabichi na karoti za kwenda sokoni, walituamkia kwa ile lafudhi ya huko juu inayopanda mwishoni, wakamwita mama bibi, wakatupa pole. Nikaongeza maji, tukaenda. Tukasimama tena. Mara ya pili mama alishuka akakaa kwenye ukingo wa mfereji na goti amelinyoosha, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi nilidhani nalitunza."

"Najua, mama."

"Hujui," akasema. Na ni kweli, sikujua. Nilikuwa nasema tu.

Mbele ya hapo lami iliisha na mvua ya usiku ilikuwa imeacha matope. Nilikwenda kwa gia ya kwanza, gari linanguruma, hita inatuchoma, mawingu yameshuka mpaka kwenye migomba. Mara ya tatu mshale haukusubiri ukucha. Kwenye mwinuko wa mwisho, ule ambao ukishaumaliza unaona paa la kwa shangazi, dada mkubwa wa baba, injini ikaanza kugonga, mshale ukaruka hadi mwisho, mvuke ukafunika kioo. Nikavuta breki ya mkono, nikazima. Nikashuka nikaweka jiwe nyuma ya tairi. Maji yalikuwa yanamwagika chini kwa kasi, siyo kudondoka tena. Nikajua hapa dumu halisaidii.

Nilirudi dirishani kwa mama nimwambie. Hakunipa nafasi.

"Mwache," akasema. "Ametufikisha. Mwache apumzike hapo."

Nilisikia alivyosema, sikumsahihisha. Nikamfungulia mlango.

Tulipanda kwa miguu. Kwa mtu mzima wa kule ni dakika kumi. Sisi tulitumia karibu saa nzima. Mama aliuweka mkono wake begani kwangu na uzito wote juu yake, hatua tatu, anasimama, hatua tatu. Nilipomwambia tukae kidogo akasema akikaa hatainuka. Shangazi alituona kwa juu akaja mbio anashuka na kanga imemdondoka, akamkumbatia mama katikati ya njia, wote wawili wakayumba nikawa nawashikilia. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, karibuni, jamani wifi yangu, na goti hilo!" Alitaka tuingie ndani kwanza tunywe chai. Mama akasema kwanza kaburi.

Ni nyuma ya nyumba, kwenye mteremko, kati ya migomba na shamba la maharage. Watu wa ukoo wote wamelala pale. La baba lilijulikana kwa upya wake. Udongo ulikuwa umeshatitia, nyasi changa zimeota juu, na jiwe moja kichwani, moja miguuni. Shangazi akatuachia nafasi, akasimama kando.

Mama alisimama. Nilimngoja alie, nikawa nimejiandaa kumshika. Hakulia. Alilitazama kutoka jiwe hili mpaka jiwe lile, akarudi, akatazama tena, na uso wake ukabadilika.

"Mbona fupi?" akasema.

"Nini, wifi?"

"Kaburi. Mbona fupi? Mwenzenu alikuwa mrefu." Akamgeukia shangazi. "Walimkunja?"

"Astaghfirullah! Wifi, wallahi walipima. Wanaume walipima kwa kamba, mimi nilikuwa jikoni nawasikia."

"Ulikuwa jikoni. Hukuona."

"Wifi..."

"Mmemkunja," mama akasema. "Mmemkunja mume wangu." Na ile sauti ya chini, niliyoizoea maisha yangu yote, ikakatika katikati. Shangazi alikuwa anaapa, anamwita Mungu shahidi, na kila alivyoapa mama alikuwa anakataa kwa kichwa. Nikaona kabisa kitakachotokea. Tumefika, ameliona, na kesho atapanda basi na hili, atalibeba mpaka Kondoa, na kila usiku atalala amenyooka akiwaza kwamba mumewe amekunjwa.

Baba na mimi tulikuwa kimo kimoja. Siyo kukaribiana, kimoja. Sokoni watu walikuwa wananitania kwamba nimemvua baba miguu. Nikavua viatu. Nikapita upande wa pili wa kaburi, nikakaa kwenye nyasi, nikalala sambamba nalo. Nilisikia shangazi akisema, "We mtoto, unafanya nini!" Nikajisogeza mpaka kichwa changu kikawa sawa na jiwe la kichwani, nikalalia ubavu wa kulia, uso kibla, mikono nimeinyoosha, kama wanavyolazwa. Nyasi zilikuwa zimelowa. Maji yakapenya kwenye gauni.

"Mama," nikasema, "tazama miguu."

Alikuja kwa kuburuta goti. Sikumwona, nilikuwa natazama udongo. Nilimsikia anavyohema, halafu nikasikia kiganja chake kwenye kisigino changu. Akakishika. Akaenda na mkono mwingine kwenye jiwe la miguuni, taratibu, anapima kwa shubiri.

"Inabaki shubiri," mama akasema.

"Inabaki?" nikauliza.

"Inabaki shubiri nzima." Alivuta pumzi ndefu. "Anaenea. Kalala vizuri." Alilisema tena, kwa shangazi safari hii, kama anayemwomba radhi. "Kalala vizuri, wifi."

Akanigonga kisigino kidogo. "Haya, amka mwanangu. Umelowa. Nimeshaona."

Nilitaka kuamka. Niliuweka mkono chini nijiinue, shavu langu likiwa bado kwenye udongo ule, na mkono ukakataa. Sauti ikanitoka ambayo sikuijua.

"Bado, mama," nikasema. "Niache kidogo."

Aliketi pale miguuni kwangu, goti na yote, na kisigino hakukiachia.